Tulivyokwenda Kumwomba Sista Arudi

Naandika kwa sababu kila mmoja bwenini ananiuliza kivyake, na mimi mnanijua, watu wakinizunguka sauti yangu haisikiki. Nikimwambia mmoja, ikifika bweni la pili imeshakuwa habari nyingine. Kwa hiyo someni wenyewe, mpeane zamu. Mambo ya ruhusa na nauli nayaruka, hayana maana sasa.

Kutoka shuleni hadi stendi ya Arusha

Kwa nyie wadogo wa Kidato cha Kwanza ambao hamkumkuta: Sista Eufemia ndiye aliyeianzisha shule hii. Makanisa yaliporuhusiwa tena kujenga sekondari, alikuja huku juu ya Tengeru na masista wenzake wawili, akapita nyumba kwa nyumba, kwa Wameru Walutheri na kwa Wachaga Wakatoliki bila kubagua, akiomba mawe na mchanga. Mzee Kaaya, mwenyekiti wa wazazi, anasema alimwona kwa macho yake akipandisha mchanga kutoka mtoni na ndoo kichwani, viatu kaning'iniza mkononi visiharibike. Muhula huu tulipofungua shule, hakuwepo. Aliondoka likizo, hakuaga mtu. Tuliambiwa tu kwamba shirika limemwita nyumba mama, yaani makao makuu ya masista wao, huko mbele ya Iringa.

Kwenye kikao cha wazazi Mzee Kaaya alisimama akasema, "Mwanamke akiondoka nyumbani kimya, ana jambo. Huyo hafuatwi kwa barua. Anafuatwa kwa miguu, na pombe mkononi, kama anavyofuatwa mke aliyerudi kwao."

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu kila mtu aliona ni kweli. Mke akirudi kwao, wazee wanaenda na pombe, wanaungama kosa la ukoo, na wanachukua mtoto mmoja wa nyumbani ili mama akimwona moyo ulainike. Wenye nyumba wakinywa, wamekubali, mke anarudi.

Mtoto mlinichagua nyie. Mlisema, "Neema hana mama, Sista ndiye mama yake." Sikupenda mlivyolisema mbele za watu, lakini nilitaka kwenda kuliko kitu chochote. Tangu mama alipofariki, likizo zote nabaki hapa shuleni, na Sista ndiye aliyekuwa ananigongea mlango asubuhi aone kama nimeamka vizuri.

Tuliondoka mvua ikinyesha, mlima umefunikwa wote. Tulikuwa watatu: Mzee Kaaya na kofia yake ya usharikani, mimi, na Mama Aikande, mama yake Aikande wa Kidato cha Nne, anayeuza mitumba pale soko la Kilombero, Arusha mjini. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, aliipika yeye. Ilikuwa kwenye dumu, na mdomoni hakuweka kifuniko, aliweka jani la mgomba lililokunjwa ipate kupumua.

"Baba, naipika miaka yote, naijua," alimwambia Mzee stendi. "Tukichelewa njiani hii itafika siki."

"Itafika hivyo hivyo. Pombe ya kumfuata mke hainunuliwi njiani."

"Mke gani, baba? Yule ni bibi arusi wa Yesu."

"Basi ndiyo tunakwenda kwa wakwe wakubwa," Mzee akajibu, akapanda basi.

Makuyuni hadi Babati

Hadi Makuyuni ni lami, nilikaa dirishani nikafurahi. Baada ya hapo ni tope. Basi lilikuwa la mtu binafsi, jipya kwa nje, limeandikwa RUKSA kwa rangi nyekundu mbele, lakini viti vya ndani vilikuwa vya basi jingine lililokufa. Tulishuka kusukuma kabla ya Minjingu na tukashuka tena mbele yake. Mara ya pili kiatu changu cha kushoto kilibaki kwenye tope na Mama Aikande akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kukitafuta, huku anawaambia wanaume, "Sukumeni nyie, mimi nazalisha hapa!"

Alinipa raba za mtumba kutoka kwenye furushi lake. Lilikuwa furushi kubwa. Alisema anakwenda kumfuata Sista, lakini haiwezekani mtu akafika hadi Iringa kwenye baridi bila koti hata moja la kuuza. Mzee Kaaya alinuna. Mama Aikande akamwambia kwamba hata mitume walikuwa na kazi zao.

Babati tulikula wali na samaki wa ziwani. Mimi sikumaliza. Nilikuwa najisomea kichwani neno nililofundishwa. Kwa desturi, mtoto akimwona mama anasema, "Mama, twende nyumbani," basi, haongezi kitu. Mzee alisisitiza niseme "Mama", nisiseme "Sista", na niseme kwa sauti. Hilo la sauti ndilo nililoliogopa.

Bereko hadi Kondoa

Mlima wa Bereko basi linapanda kama mtu anayetambaa. Utingo alikuwa anapanga mizigo, akaona dumu lina jani mdomoni, akaona uchafu. Akalitupa lile jani dirishani, akatafuta kifuniko mahali, akakikaza kwa nguvu zake zote. Mama Aikande alikuwa amesinzia. Mimi niliona. Nilitaka kusema, lakini utingo alikuwa mkali na watu walikuwa wengi, na wakati natafuta namna ya kuanza, tukafika juu.

Dumu lilipasuka kama tairi. Kifuniko kiligonga paa na mbege ikaruka kwenye kiti cha mbele yetu, alikokaa mzee mmoja wa Kirangi, kanzu nyeupe pee, anakwenda Kondoa kwenye msiba wa ndugu yake.

"Astaghfirullahi! Nini hii?"

Mama Aikande akafungua macho. "Ni uji, baba."

"Uji gani huo umetulewesha sisi wa nyuma!" mtu akapiga kelele, na watu wakavunjika mbavu.

Mzee Kaaya hakucheka. Alisimama, akavua kofia. "Mzee mwenzangu, ni pombe. Ni yangu mimi. Nimekuchafua, na uko safarini kwenda msibani. Naomba unisamehe."

Chini ya mlima basi likanasa tena, na hapo ikawa ndiyo mwisho mpaka trekta lije. Mama Aikande akamwomba yule mzee kanzu, akaenda kuifua kwenye kijito. Yule mzee akabaki amevaa koti la mtumba la kike, jekundu, vifungo vikubwa kama visosi. Aliketi nalo kwenye jiwe kwa heshima zake zote, na hakuna aliyethubutu kumcheka usoni. Mama mmoja wa pale jirani alituletea ugali wa uwele na mlenda, tukala wote sinia moja, yule mzee na Mzee Kaaya wanakaribishana kama mashemeji.

"Hiyo pombe mnampelekea nani?" akauliza.

"Masista."

"Masista wanakunywa?"

"Ni heshima tu, mzee wangu. Tunamfuata mama wa shule yetu. Amerudi kwao."

Yule mzee akatafuna, akameza. "Mlimkosea nini?"

Mama Aikande akaniangalia, mimi nikaangalia mlenda.

"Hatujui," Mzee akasema mwishoni.

"Mimi nimeshakusamehe, kwa sababu najua ulichonifanyia, naona mwenyewe nimevaa koti la mke wa mtu. Lakini nyinyi mtaungama nini huko?"

Swali hilo tulipanda nalo basi. Trekta lilipotuvuta, mpaka Kondoa walikuwa wanabishana kosa ni lipi. Mama Aikande alisema ni jiko, wazazi waliahidi paa wakalichelewesha, Sista akapikia watoto kwenye mvua. Mzee alisema labda ni Walutheri wenzake walionong'ona kwamba anataka kuwabatiza watoto upya. Mimi niliwaza ule mgomo wetu wa kukataa makande. Mnaukumbuka, alisimama mlangoni hakusema neno, akachukua sahani akala makande yetu mpaka akamaliza. Niliwaza, labda ni pale. Nilijisikia vibaya, lakini nitasema ukweli, nilijisikia pia nafuu. Kosa likiwepo, tutaomba msamaha, atarudi.

Dodoma na Mtera

Dodoma tulibadilisha basi na tukangoja mno. Mama Aikande aliuza makoti mawili pale stendi kwenye jua kali, sijui aliwaambia nini wale watu. Mbege iliyobaki ilikuwa kama nusu, akaihamishia kwenye dumu jingine na kuiwekea jani la mnazi alilookota kwenye mapambo ya harusi ya watu. Aliionja, akakunja uso, akasema, "Mungu anisamehe."

Mtera bwawa ni kubwa kama sijui nini. Wanauza samaki wakavu na wa kukaanga dirishani. Mzee alinunua samaki wa Sista, "maana alikuwa anapenda," akasema. Mimi sijawahi kumwona Sista akila samaki. Nilitambua kwamba kila mmoja wetu alikuwa anamfuata Sista wake.

Nyumba mama

Kutoka Iringa tulipanda lori la mbao. Kule ni baridi kuliko kwetu, ukungu unakaa chini mpaka mchana, na watu wanasalimia "Kamwene". Mzee Kaaya alidhani wanamwita jina la mtu, kila mara anajibu, "Hapana, mimi Kaaya."

Nyumba mama ina ua mkubwa wa matofali, bustani ya kabichi, shule ya msingi pembeni na makaburi ya masista yamepangwa sawasawa, misalaba yote ya kimo kimoja. Kumbe masista wao wote wanazikwa pale, hata aliyefia mbali. Niliona hivyo sikuwaza zaidi.

Sista aliyetufungulia alisema, "Tumsifu Yesu Kristo." Mimi na Mama Aikande tukajibu, "Milele na milele, amina." Mzee akasema, "Bwana asifiwe." Yule sista akatabasamu, akamjibu na yeye, "Amina."

Mama Mkuu wao ni mtu mzima, mfupi, sauti ya taratibu. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mikono yote miwili akasema, "Mikono ya barafu hii. Karibu mwanangu." Tulipoketi, Mzee Kaaya alisimama na kofia mkononi. Alisema vizuri, lazima niseme. Alisema tumetoka mlima Meru, tumemfuata mama wa nyumba yetu, kwamba alituacha kimya na watoto wake hawalali, kwamba kama kuna tulipomkosea tupo hapa tuambiwe tuungame, na kwamba hatukuja mikono mitupu.

Mama Mkuu akasikiliza mpaka mwisho. "Mmefanya safari ngumu kwa ajili ya dada yetu," akasema. "Nimemwambia mmefika. Amefurahi mpaka amelia. Leo amechoka, kesho mtamwona."

Kisha Mzee akamimina. Mama Mkuu akapokea kikombe, akanywa. Masista wengine nao wakanywa, mmoja baada ya mwingine. Mmoja wa jikoni akasema, "Kama ulanzi wetu uliokomaa," ule ulanzi wa mianzi wa kule kwao, akaomba aongezewe.

Mzee Kaaya alinigusa mguu chini ya meza. Wamekunywa! Jioni ile alicheka kwa kila kitu. Mama Aikande akaanza kupanga Sista atakaa kiti gani kwenye basi, mbele asirushwe. Mimi nilisali nikamshukuru Mungu, nikalala usingizi ambao sijaulala tangu shule ifunguliwe. Nawaambia hivi mjue kwamba hata sisi tulifurahi, kama nyie mlivyofurahi mlipoliona kwa mbali lori lililoturudisha.

Asubuhi

Baada ya chai Mzee akafuta mdomo akasema, "Basi sisi tuko tayari. Binti huyu amsaidie kufunga mizigo."

Mama Mkuu akaweka kikombe chini. "Mizigo ya nani, mzee wangu?"

"Ya Sista Eufemia. Jana si mlikunywa?"

"Tulikunywa kwa sababu mlituletea."

Nilisikia watoto wa shule ya jirani wakiimba hesabu. Mama Aikande ndiye aliyeeleza, polepole, bila mzaha wake hata mmoja, nini maana ya kuinywa ile pombe kwetu. Mama Mkuu akafunika uso kwa viganja. Alipovitoa alikuwa na machozi.

"Hatukujua. Poleni. Poleni sana, mzee wangu." Kisha akasema, "Dada yetu ni mgonjwa. Figo zake zimechoka. Aliomba watoto wasiambiwe, waendelee na masomo. Hapa kwetu anayeumwa hivi anarudi nyumbani kwa dada zake. Lakini sitamjibia. Nendeni mkamuulize wenyewe."

Chumba cha wagonjwa

Mnaulizana kila siku kama masista wana nywele. Wanazo. Sista Eufemia alikuwa ameketi kitandani bila shela, nywele fupi nyeupe zote, na aliponiona akataka kujifunika kwa mkono, akaacha. Uso umevimba. Miguu ilikuwa chini ya blanketi lakini niliona umbo lake si la miguu yake.

Mzee Kaaya alisahau hotuba yote. Akauliza tu, kama mtoto, "Sista, tulikukosea nini?"

"Hamkunikosea."

"Hata kidogo?"

"Paa la jiko lilichelewa, Mzee Kaaya, na unajua lilichelewa." Akacheka, kicheko kikamchosha. "Lakini si hilo. Hamkunikosea kitu."

Niliona mabega ya Mzee yakishuka. Njia yote tulitafuta kosa, na sasa nilielewa kwamba ndilo tulilokuwa tunalitegemea. Kama angekuwa amekasirika tungembembeleza mpaka akubali. Sasa tungemwomba msamaha wa nini?

Mama Aikande akanisukuma mgongoni. Nikasogea. Nilijua hata nikisema haitasaidia, mtu aliyevimba vile hapandi basi la Bereko, lakini nilikuwa nimetumwa na nyie wote, na mimi mwenyewe nilitaka. Nikasema, "Mama, twende nyumbani."

Nilisema kwa sauti mpaka sista muuguzi akachungulia mlangoni.

"Neema," akasema. "Kumbe unayo sauti." Akanishika mkono. Wake ulikuwa mzito, wa moto. "Niko nyumbani, mwanangu. Kule nilitumwa."

Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia Mzee wala Mama Aikande. Nilikasirika. Niliutoa mkono wangu. Mimi sina nyumba nyingine zaidi ya ile shule, na kumbe kwake ilikuwa ni kazi.

Aliona. Huwa anaona kila kitu. Hakunikaripia. Akasema, "Nilikuwa nafundisha pale ng'ambo ya ua, darasa la tatu. Nikaambiwa niende Arusha. Sikutaka, Neema. Nilimkatalia Mama Mkuu wa wakati ule mara moja, mara ya pili nikatii. Watoto walikuja mpaka barabarani, mmoja akashika shela yangu ikachanika. Nililia mpaka Mtera. Nilifika kwenu sijui hata jina la mlima."

"Halafu?"

"Halafu nikawapenda." Alifumba macho kidogo. "Sasa ukikasirika, kasirika kidogo tu, uniachie nafasi."

Nikaurudisha mkono. Nilikaa pale mpaka muuguzi akaleta bakuli la uji na kijiko, na Sista akasema twende, hakutaka tumwone akilishwa. Mzee aliacha samaki wa Mtera juu ya kabati. Nilijua Sista hawezi kuwala. Sista akasema asante, wanaonekana wazuri.

Mlangoni niligeuka. Alikuwa anatuangalia tukienda, wala hakupunga mkono.

Kurudi

Njia ya kurudi sina mengi. Mvua ilikuwa imepungua. Mama Aikande hakuuza kitu. Mzee Kaaya alikaa na kofia magotini, na tulipoanza kuuona Meru, theluji kidogo kileleni, akasema peke yake, "Tumeenda kumfuata mke, kumbe alikuwa mgeni wetu." Mama Aikande akamwambia, "Nyamaza, baba." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwambia mtu anyamaze.

Getini mlikuwa mmejipanga, mnaimba. Mlituhesabu tukishuka, watatu, mkaendelea kuangalia nyuma ya lori. Wimbo ukakatika. Rehema akasema mbele ya wote kwamba angetumwa yeye, Sista angerudi, kwamba mimi nilinong'ona tu. Rehema, siku ile sikukujibu kwa sababu nilikuwa nalia. Nakujibu sasa. Sikunong'ona.

Mlipotawanyika, mimi nilibaki na begi langu pale getini. Sista mpya, Sista Valentina, aliyeletwa kushika nafasi ya Sista Eufemia, alikuwa amesimama nyuma ya wote, karibu na choo cha wageni, kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa kukaa pale. Mnajua tunavyomfanyia. Akitusalimia tunaangalia pembeni. Akiingia bwalo la chakula tunanyamaza. Tulikubaliana hivyo mpaka Sista Eufemia arudi, na mimi nilikubali pamoja nanyi.

Alikuja akachukua begi langu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bado anaweza kutembea?"

"Hapana, Sista."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Halafu akaniambia kwamba alikuwa mtoto wa darasa la tatu pale nyumba mama, siku Sista Eufemia alipoondoka kuja kwetu. Akatangulia na begi, akikwepa madimbwi, na nikaona anatembea upande usiofaa, kuelekea bweni la zamani lililofungwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwonyesha tunakolala.

Nikamwambia, "Huku, Sista." Akageuka.

Kesho akiingia bwaloni naomba tusimame.